Kuku na mabata kambini: maswali tunayoulizwa kila likizo

Nyumbani kwetu Wete, Pemba, tuna kuku tisa na mabata wanne. Si wa biashara. Watoto wamewalea tangu vifaranga, na kila mmoja ana jina lake. Skuli zikifungwa Juni, au Disemba, familia nzima tunakwenda kulala nje siku nne, tano: mara pwani ya kaskazini upande wa Vumawimbi, mara shambani kwa mama mkubwa huko Mtambile, chini ya mikarafuu. Baadhi ya kuku na mabata tunakwenda nao. Watu wakiyaona matenga juu ya gari huuliza, na maswali ni yaleyale kila mwaka. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kwa sababu nimewahi kukosea, na waliolipa ni kuku.

Kwa nini msiwaache nyumbani?

Wakati mwingine tunawaacha, na hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya mengine yote. Kama yuko mtu wa kuaminika atakayebaki nyumbani, anayejua kufunga banda kabla ya Magharibi na kuwabadilishia maji asubuhi na mchana, waache. Kuku hana hamu ya safari. Anapenda banda lake, jaa lake na kijiti chake cha kulalia.

Sisi huwachukua baadhi kwa sababu nyumba yetu hubaki tupu, na wakipungua huwa rahisi kumwachia mtu wanaobaki. Mara moja tuliwaachia jirani mwenye moyo mzuri sana, lakini ana shughuli zake, na usiku mmoja akapitiwa na usingizi banda liko wazi. Tuliporudi walikuwa wamepungua wawili. Sikumlaumu na simlaumu leo. Kazi ilikuwa yangu.

Pia jambo lenyewe si geni. Bibi yangu msimu wa karafuu ukifika alikuwa akihamia shamba na sufuria, mikeka, watoto na kuku wake watatu wa mayai kwenye tenga, juu ya gari la ng'ombe. Alikaa huko mpaka karafuu ya mwisho ikauke.

Nani aende, nani abaki?

Aende aliyezoea kushikwa. Kipimo changu ni hiki: mtoto wa miaka minane aweze kumnyanyua jioni bila kumkimbiza uwanja mzima. Kama nyumbani humpati mpaka umzingire watu watatu, kichakani hutampata kabisa.

Abaki anayeatamia. Kuku hulalia siku 21, na bata hawa wetu wa kienyeji, wenye vinundu vyekundu usoni, hulalia siku 35. Ukimtoa kwenye mayai yake hata kwa siku mbili umeyapoteza yote. Wabaki vifaranga wasioota manyoya kamili. Abaki anayekohoa, anayeharisha, aliyejikunyata, anayeangusha bawa. Usijiambie kwamba hewa ya pwani itamponya. Safari humzidishia.

Jogoo sisi hatumchukui. Atawika saa tisa usiku, akitafuta wa kumjibu, na wa kijiji cha karibu wakimjibu ataondoka kwenda kuwapiga. Jogoo wa kuchi ndiye usimfikirie hata kidogo. Bata dume tumewahi kumchukua, lakini tenga lake mbali na kuku, maana bata dume akikosa jike wake humpanda kuku na kumuumiza vibaya.

Wangapi?

Wasipungue wawili wa aina moja. Kuku peke yake mahali pageni hulia na kukataa kula. Sisi kawaida ni kuku watatu na mabata wawili, na hao wanatosha kumshughulisha mtu mzima mmoja. Ukiona hakuna mtu mzima aliyekubali waziwazi kwamba kazi hiyo ni yake, usiwachukue. Watoto watasaidia, ila hawatakumbuka.

Wachanjwe nini kabla ya kuondoka?

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio unaomaliza kuku vijijini, na safari ni nafasi nzuri kwake: mnapita masokoni, mnapita viambo vya watu, kuku wenu wanaokota walipookota kuku wa wengine. Ipo chanjo ya tone la jicho inayostahimili joto, maarufu kwa jina la I-2, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tone moja, jicho moja, umesubiri mpaka apepese ndipo umwachie. Ifanye angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu kinga haiji siku ileile. Anayechanjwa leo na kusafiri kesho amesafiri bila kinga.

Mabata mara nyingi huubeba ugonjwa huu bila kuonyesha dalili. Yeye mzima, kuku aliyekaa naye anakufa. Kwa hiyo usimwone bata mchangamfu ukadhani mambo ni salama.

Ndui ya kuku nayo ina chanjo yake, na huenezwa na mbu, na kambini mbu hawakosekani. Muulize mtaalamu wa mifugo wa wilaya yako zote mbili kwa pamoja. Siku hiyohiyo wafunue mabawa na uwatazame chini ya manyoya kama wana utitiri, na machoni na kwenye kilemba kama wana viroboto. Usihamishie wadudu kwenye mkeka mtakaolalia.

Tuwasafirishe vipi?

Naomba tuanze na tunalolifanya wengi bila kufikiri: kumfunga kuku miguu na kumning'iniza kichwa chini. Kuku hana kiwambo cha misuli kama chetu kinachotenga tumbo na kifua. Akining'inizwa, matumbo yote hulalia vifuko vyake vya hewa na kupumua kunakuwa kazi. Anaponyamaza si kwamba ametulia. Kwa mwendo wa dakika mbili kutoka banda hadi mlangoni ni vibaya. Kwa safari ya saa nzima ni mateso.

Chukua tenga. Liwe na upana wa kila kuku kukaa na kugeuka, lakini lisiwe kubwa mno hata gari likipiga kona warushane. Chini weka majani makavu au vumbi la mbao. Gazeti tupu huteleza na kuku huumia miguu. Mabata wawe na tenga lao, kwa sababu bata hulowesha kila anapokaa, na kuku akikaa kwenye unyevu ndipo kuhara damu kunapoanzia.

Ondokeni alfajiri. Kuku hatoki jasho. Joto analitoa kwa kuhema, mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili. Ukimwona hivyo ndani ya tenga, simamisha gari pale pale, mweke kivulini penye upepo, mpe maji, mloweshe miguu na kilemba. Tenga lifunikwe kanga nyepesi ili giza liwatulize, lakini ubavu mmoja ubaki wazi upitishe upepo. Usiwape chakula kingi saa mbili za mwisho kabla ya kuondoka, maji uwape mpaka dakika ya mwisho. Na usiliweke tenga kwenye buti la gari lililofungwa. Hata kwa kilomita tano.

Daladala je? Boti kutoka Unguja?

Daladala hukubali, kwa adabu na nauli ya mzigo. Tenga huwekwa juu, kwa hiyo hakikisha limefungwa kamba pande mbili na limefunikwa jua.

Kwa boti ni habari nyingine. Kuhamisha ndege kutoka kisiwa hadi kisiwa kunaweza kuhamisha ugonjwa, hivyo ofisi ya mifugo iulizwe kwanza, na wenye boti waulizwe kabla ya kukata tiketi. Mimi ushauri wangu kwa ndugu wanaotoka Unguja ni mmoja tu: waacheni. Saa za bandarini, kelele, mawimbi ya mkondo wa Pemba, kisha siku nne za kambi na kurudi tena njia ileile. Kuku mzima anaweza kuyahimili, lakini hapati faida yoyote.

Tupige kambi wapi?

Kabla ya hema kusimama, mwendee sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji hicho. Ni adabu, na pia yeye ndiye atakayekwambia kisima kipi kina maji matamu, wapi wanalaza ng'ombe, na kama kuku wa hapo wanakufa kufa wiki hizi. Akikwambia wanakufa, geuza gari.

Msitu wa Ngezi ni hifadhi, na kuku na mabata hawana nafasi mle. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote duniani isipokuwa hapa, wakiwemo ninga wa Pemba na bundi mdogo anayesikika usiku, na Ngezi ni makao yao. Maradhi ya kuku hayachagui. Sisi tunapokwenda kaskazini tunalala nje ya hifadhi, karibu na shamba la jamaa, na watoto wakitaka kuuona msitu wanakwenda bila kuku.

Angalia pia bonde lililo jirani. Mabata wawili wakiingia kwenye mpunga uliopandikizwa juzi, watapiga mbizi, watakanyaga, watang'oa, na mwenye bonde atakuwa na haki kuja na hasira zake. Mkiwa karibu na mpunga, mabata wasitoke bila mtu.

Usiku wanalala wapi?

Mchana kila mtu anawaona. Usiku ndio unaoamua kama mtarudi nao wote.

Mwaka wa pili tulipokwenda Mtambile nilitengeneza tenga zuri la waya, mlango wenye kitasa, nikaliweka chini kwenye majani makavu ya mkarafuu, nikalala nimeridhika. Nilimwogopa ngawa na nilimwogopa paka shume, na hao wote nilikuwa nimewazuia. Saa tisa usiku nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa kuku, fupi fupi, kama anayekabwa. Nikawasha tochi. Ardhi ilikuwa inatembea. Siafu walikuwa wamelizingira tenga na wameingia ndani, na kuku, kwa sababu ya kile kitasa changu kizuri, hakuwa na pa kukimbilia. Niliingiza mikono, nikawatoa mmoja mmoja, mke wangu akiwabandua siafu kwenye macho yao, watoto wakilia. Wawili walipona. Bi Shungi, kuku wa binti yetu mdogo, hakufika alfajiri.

Tangu siku hiyo tunafanya hivi. Tenga haligusi ardhi. Tunatengeneza kitanda cha miti, miguu minne, urefu wa kiuno, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo juu yake. Makopo hufunikwa juu kwa kipande cha bati ili ndege wasije wakanywa asubuhi. Hakuna tawi, kamba wala jani linalogusa tenga kutoka pembeni, kwa sababu siafu watapita hapohapo. Tunafagia majani makavu hatua tatu kuzunguka, kisha tunamwaga majivu ya jikoni. Na kabla ya jua kuzama mmoja wetu huzunguka eneo lote kutafuta njia ya siafu, ukiiona, hama. Usibishane nao.

Kwa ngawa, paka shume na kenge, kinachowazuia ni matundu madogo. Tenga la kawaida la ufito lina nafasi pana, na ngawa huingiza mkono akavuta mguu wa kuku aliyelala pembeni. Asubuhi unamkuta kuku yuko ndani lakini hana mguu. Livishe waya ambao kidole gumba hakipiti. Waya huohuo humzuia chatu, ambaye shambani yupo na anapenda sana bata kwa sababu bata halali juu. Mlango ufungwe kwa waya uliosokotwa, si kwa kamba ya mgomba.

Na mtu alale karibu. Si ndani ya hema moja nao, lakini karibu kiasi cha kusikia. Bata ni mlinzi mzuri kuliko kuku: kuku akishaingia giza haoni na hanyanyuki, bata hulala jicho moja wazi. Huyu bata wetu wa kienyeji halii kwa kelele, anavuma na kufoka kama pumzi inayotoka kwenye tairi. Jifunze kuamka kwa sauti hiyo.

Mabata watahitaji bwawa?

Hawahitaji. Wanahitaji chombo chenye kina cha kutosha kutumbukiza kichwa mpaka macho, ili wasafishe pua na macho yao. Beseni la kufulia linatosha. Bata anayekula bila maji pembeni hukabwa na chakula, kwa hiyo kwake maji na chakula huja pamoja, na vikiondoka viondoke pamoja.

Kuku mmoja mkubwa hunywa kiasi cha robo lita kwa siku ya kawaida. Jua likiwa kali hufika nusu lita. Bata hutaka zaidi na humwaga maradufu. Kwa hao watano wetu tunahesabu dumu moja la lita 20 kwa siku, beseni la kuogea likiwemo. Kama mnalala mahali ambapo maji ya watu wenyewe yanachotwa mbali, fikiria vizuri nani atayabeba.

Baharini je, waingie?

Bahari si ziwa. Maji ya chumvi hayanyweki kwa kuku wala kwa bata wa kufugwa, na visima vingi vya karibu na pwani vina munyu. Onja wewe kwanza, na ukiona yana ladha ya chumvi usiwape. Bata aliyeshiba maji matamu anaweza kutembea ukingoni kwenye mchanga akiwa chini ya macho yenu, kisha mumsuuze kwa maji matamu. Bata mwenye kiu msimfikishe kabisa, kwa sababu atakunywa.

Hofu yangu ni tatu. Ya kwanza, bamvua. Maji yetu hupwa na kujaa kwa tofauti inayofika mita 4 hivi siku za bamvua, na mabata waliotoka kufuata maji yanayokupwa hujikuta mbali sana yakianza kurudi. Safari za pwani mimi huzipanga siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo. Ya pili, mishipi. Ukingoni kumejaa vipande vya nailoni na ndoana za wavuvi, na bata humeza chochote kinachong'aa. Kombo, bata wetu mkubwa, alimeza kipande cha mshipi, nikakiona kinaning'inia mdomoni. Usikivute. Nilitaka kukivuta na mjomba akanishika mkono. Ndoana ikiwa mwisho wake, unachana koo. Tulimpeleka kwa mganga wa mifugo na alipona. Siku hizi kabla ya kuwafungua watoto hupita na ndoo wakiokota, na wanaokota vingi. Ya tatu ni madimbwi ya maji yaliyosimama nyuma ya ufukwe, yenye samaki waliooza au ndege aliyekufa. Bata anayekula humo hulegea shingo, hushindwa kunyanyua kichwa, na kumuokoa ni vigumu.

Wale nini?

Wachukulie chakula walichozoea nyumbani, usianzishe kipya njiani. Gramu 100 hadi 120 kwa kuku, bata kiasi cha 150 hadi 200. Kilo moja kwa siku huwatosha hao watano na kubakia. Sisi tunachanganya chenga za mchele, mtama na dagaa waliosagwa wasio na chumvi. Machicha ya nazi wanayapenda, lakini yawe ya leo. Yakilala kwenye joto huchacha. Kikitoka ukungu chakula chochote, kimwage mbali nao.

Mabaki ya chungu chetu tunayachuja. Vyenye chumvi nyingi, hapana. Maharage yasiyoiva, hapana. Maganda na kokwa la embe mafuta (parachichi), hapana. Muhogo mchungu mbichi, hapana. Watoto huwarushia biskuti, na hilo tumelikataza kwa sababu mara wakizoea hawatoki miguuni pa watu wakila.

Wakiwa wamefunguliwa wataokota wadudu na mbegu wenyewe. Kuku watatu wakizunguka hema asubuhi hupunguza mende na tandu kwa namna ya ajabu, na huo ni msaada wa kweli.

Hawatapotea?

Wakifunguliwa vibaya, watapotea. Siku ya kwanza wasitoke. Walale ndani ya tenga, waamke ndani ya tenga, wale humo, walione hilo kuwa ndiyo nyumba. Siku ya pili wafungue Alasiri, saa moja na nusu hivi kabla ya jua kuzama, wakiwa na njaa kidogo. Kuku mwenye njaa na giza linalokuja hatembei mbali. Kisha piga kopo la mtama, lile lile la nyumbani kwa mdundo ule ule. Wazoeze kopo hilo mwezi mmoja kabla.

Mabata wa kienyeji huruka, na jike jepesi anaweza kuvuka mikarafuu. Mpunguze manyoya makubwa ya bawa moja tu, ili akose mizani. Ukate yaliyokomaa, unyoya ambao mrija wake bado ni mweusi au wa bluu una damu ndani, na ukiukata atatoka damu nyingi.

Mchana mwewe na kunguru hutazama. Kunguru wa bara Hindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ni hatari zaidi kwa vifaranga na mayai, lakini hata kuku mkubwa humsumbua. Chini ya mti wenye matawi mengi ni salama kuliko uwanjani.

Tukiwa shambani msimu wa karafuu, kuku si wataharibu?

Wataharibu, kama hamkuwazuia. Karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi kwa kuku ni uwanja wa kuchakura: atazitawanya, atazinyea, na kazi ya watu ya siku tatu inarudi nyuma. Karafuu ikishalowa na kuchafuka hukaribia kuwa mpeta, yaani karafuu iliyoharibika, na hapo bei imekwenda. Mwaka wa uvunaji mkubwa hatuwachukui kuku kabisa; mabata ndio, kwa kuwa bata hachakuri, ingawa hata yeye asipite juu ya jamvi. Msimu mdogo tunaweka wigo wa nyavu kuukuu za uvuvi kuzunguka upande wao. Zikaze vizuri chini, mguu wa ndege usinase.

Na sala? Kinyesi chao si kitatuharibia?

Kinyesi chao ni najisi, na sisi Washafii hatuna njia ya kulipita hilo. Tunatenga mahali pa kusalia upande wa upepo unakotoka, mkeka hukunjwa na kutundikwa mara baada ya sala, na matenga huwa upande wa pili wa jiko. Ndoo ya kutawadhia ifunikwe. Bata akiiona iko wazi ataingia.

Watoto wanaweza kuugua kutoka kwao?

Wanaweza. Kuku na mabata wazima kabisa hubeba vijidudu vya kuharisha, salmonela ikiwa maarufu zaidi, kwenye kinyesi na manyoya. Kwa hiyo: sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kuwashika, kabla ya kula bila mjadala. Kumbusu kuku mdomoni, hapana. Kumkumbatia, ndiyo, kisha nawa. Hawaingii hemani wala hawapandi kwenye mkeka wa chakula. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake nao, kwa usalama wake na wao. Mayai mnayookota kambini yaliwe yaleyale ya siku hiyo, yameiva mpaka kiini.

Ndege wa mwituni mkimkuta amekufa, asiguswe kwa mkono wala kuku wasimsogelee.

Akijeruhiwa au akiugua huko?

Mtenge na wenzake papo hapo, kwa sababu kuku wakiona damu huidonoa. Jeraha lisafishwe kwa maji ya moto yaliyopoa yenye chumvi kidogo, liwekwe asali, na afungwe kitambaa safi ikiwezekana. Msimpe dawa za watu. Kama anahema kwa sauti, amepinda shingo, anaharisha kijani au amepooza mguu, safari imekwisha: funga mizigo, rudi, na wengine wasiguse kuku wa mtu yeyote njiani. Namba ya simu ya mganga wa mifugo ninaiandika kwenye karatasi, naiweka ndani ya kopo la mtama. Simu huishiwa chaji.

Mkiishiwa kitoweo, si mtamchinja mmoja?

Hili huulizwa kwa kicheko na watu wazima, mbele ya watoto, na mimi hulijibu kwa uzito. Kuku ni halali na sisi tunakula kuku. Lakini hawa tuliowachukua tulikubaliana na watoto tangu nyumbani kwamba wanakwenda na wanarudi. Mtoto aliyempa kuku jina, akambeba mapajani saa nzima ya safari, akamfunika kanga yake, amekuamini. Ukimchinja siku ya tatu kwa sababu samaki hawakupatikana, hatakusahau kwa hilo, na mwakani hatalea tena.

Kama nia yenu ni kitoweo, chukueni kuku wa kitoweo, asiye na jina, na watoto waambiwe mapema kwamba huyu ni wa chakula. Watoto wa Pemba wanalielewa hilo vizuri. Wasichokielewa ni kubadilishiwa neno katikati ya safari. Kwa hiyo tunachukua dagaa na kunde za akiba, na siku bahari ikikataa tunakula wali na kunde.

Miezi gani ni mizuri?

Kipupwe, Juni mpaka Agosti. Joto limepungua, mvua chache, na skuli zimefungwa sehemu ya wakati huo. Masika tusahau. Disemba inawezekana, ila vuli huweza kuwa haijaisha na Kaskazi imeanza kuleta joto, hivyo turubai juu ya matenga, mfereji kuzunguka, na kuku aliyeloa akaushwe kwa kitambaa kabla ya usiku. Bata mwache na mvua yake.

Tukirudi tuwarudishe bandani moja kwa moja?

Hapana. Wakae peke yao siku 14, mbali na waliobaki, vyombo mbali, na wewe uwahudumie waliobaki kwanza ndipo uwaendee waliosafiri. Matenga yasuguliwe kwa sabuni, yaanikwe juani siku mbili, majani ya chini yachomwe. Watoto watalalamika kwamba Kombo anawaita wenzake usiku kutoka upande wa pili wa ua. Anawaita kweli. Siku ya kumi na tano tunafungua mlango kabla ya chai, na wote wanakuja kutazama.